Gari Kuukuu la Spoti: Kabla ya Chupa ya Dawa, Kagua Mipira ya Petroli

Ukiingia kituo cha mafuta Uingereza siku hizi, petroli utaikuta ya aina mbili: E10 na E5. Mwenye Toyota ya juzijuzi hana la kuwaza. Anajaza iliyo nafuu, analipa, anawahi kuwapeleka watoto shule. Mwenye MGB ya mwaka 1972 hali yake ni nyingine. Petroli isiyofaa inaweza kumlia injini polepole bila yeye kujua, na mambo yakiharibika zaidi, inaweza kumwashia moto barabarani na watoto wamo ndani.

Nimeichukua MGB kwa sababu ndiyo gari la spoti la zamani ambalo mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kulifikiria. Lilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari laki tano, na mengi yao yalipelekwa Marekani. Vipuri havijaadimika. Tena Uingereza gari likivuka miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na kama halikubadilishwa sana halilazimiki kwenda kwenye ule ukaguzi wa kila mwaka, MOT. Hapo ndipo baba wa watu anaposhawishika. Lakini gari lisilokaguliwa na serikali, mkaguzi wake ni wewe mwenyewe.

Basi tuanze na hizo herufi. E10 ni petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. E5 haizidi asilimia 5. Ethanoli ni spiriti inayotokana na mimea kama nafaka na miwa. E10 ndiyo petroli ya kawaida nchini Uingereza tangu Septemba 2021, na E5 imebaki kwenye petroli ya super, ile yenye oktani 97 na kuendelea. MGB ijazwe super ya E5. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini gari hili hutembea Jumapili na siku za jua. Tofauti ya bei kwa mwaka mzima haifikii gharama ya kufungua injini mara moja.

Ubaya wa ethanoli ni kwamba huvuta unyevu wa hewani, na maji yakikaa ndani ya tangi la chuma kutu haiko mbali. Vilevile hubeba oksijeni, kwa hiyo kabureta ambayo haina kompyuta ya kujirekebisha huchoma mchanganyiko wenye petroli pungufu, na injini hupata joto. Lakini jambo la kutisha kuliko yote ni mipira. Mipira ya petroli ya zamani haikutengenezwa kwa ethanoli. Hulainika, kisha hukauka na kupasuka.

Sasa fungua boneti ya MGB utazame. Kabureta zake mbili na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja wa injini, kabureta juu, ekzosi chini. Mpira ukivuja, tone linaangukia kwenye chuma cha moto. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza isiende kwenye chupa ya dawa. Iende kwenye mipira mipya, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, pamoja na vibano vyake. Mwambie fundi unataka mpira uliopigwa chapa ya R9, ambao umetengenezwa kuhimili ethanoli, na uisome chapa hiyo kwa macho yako kabla haujafungwa. Mpira wa zamani ukunje kwa vidole: ukiona mikwaruzo midogo kama ufa wa udongo mkavu, gari lisitoke. Na harufu ya petroli gereji asubuhi usikubali kuambiwa kuwa ndivyo magari ya zamani yalivyo. Kuna mahali panavuja.

Dawa nazo zina nafasi yake. Zamani petroli ilikuwa na risasi, si ya bunduki bali yale madini mazito, ambayo ilipandisha oktani na pia ilifunika viti vya valvu visilike. Uingereza iliiondoa madukani tarehe 1 Januari 2000 kwa sababu ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Silinda hedi ya MGB ni ya chuma cha kawaida, na valvu za ekzosi zikigonga viti visivyo na kinga hiyo, hasa kwa mwendo mkali wa saa nyingi, viti hulika na valvu huzama. Kama hedi imeshafungwa viti vigumu, huhitaji dawa yoyote ya kuchukua nafasi ya risasi. Muulize aliyekuuzia, na uombe risiti ya kazi hiyo. Kama haijafungwa, tumia dawa iliyoidhinishwa na FBHVC, shirikisho la vilabu vya magari ya zamani Uingereza, na usichanganye dawa za aina mbili. Zipo pia za kuzuia kutu ya ethanoli, ambazo zinafaa gari linapolazwa majira yote ya baridi. Lakini hazigeuzi mpira mbovu kuwa mzima.

Kuhusu chupa za kupandisha oktani, soma maandishi kwa makini. Nyingi zinajisifu kuongeza “pointi 30”, na katika biashara hiyo pointi kumi ndiyo oktani moja. Oktani yenyewe si nguvu. Ni uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Kama injini haigongi ukipanda mlima, kuongeza hakukupi kitu.

Wasomaji wetu mlioko mbali na Uingereza angalieni namba. Muscat na Dubai huhesabu oktani kama Uingereza, kwa hiyo 91, 95 na 98 za huko zina maana ileile. Marekani huhesabu kwa njia nyingine, na namba hutoka ndogo: 91 ya Houston inakaribia 95 au 96 ya Muscat. Kijana aliyezoea 91 ya Marekani akija likizo Oman na kujaza MGB ya mjomba wake 91, amelijazia petroli dhaifu, na kwa joto la Julai injini itagonga.

Na ikitokea umejaza E10 mara moja kwa haraka, usiite gari la kuvuta. Tangi likipungua jazia super ya E5. Ila E85, inayouzwa baadhi ya vituo vya Marekani, isiingie kabisa, ikiingia, usiwashe.