Baba Msafiri wa Itsandra na Mwanawe

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha dua ambayo Muislamu huisoma anapoanza safari. Ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu twalipita mbio kwa kuwa ulimi umekwisha lizoea. Msafiri humuomba Mola wake awe mwenzake njiani, na papo hapo humuomba ashike mahala pake kwa watu wake wa nyumbani. Yaani mguu haujatoka kizingitini, na fikira yake iko kwa wale anaowapa mgongo.

Tumeikumbuka dua hii tulipokuwa tukizidurusu khabari za Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumeyt, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wenu mnamjua kuwa ni kadhi mkubwa wa Unguja na bahari ya elimu. Hayo yamekwisha semwa na waliotutangulia, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Mungu amrehemu, aliyaandika katika khabari zake za wanavyuoni wa pwani yetu. Leo twataka kumtazama kwa upande mwingine: mtu aliyependa safari, naye alikuwa baba.

Sayyid Ahmed alizaliwa Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka wa 1861. Baba yake, Sayyid Abubakar bin Abdallah, asili yake ni Shibam ya Hadharamut, na alikuwa mtu wa biashara ya baharini. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe. Basi kijana huyu alilelewa baina ya vitu viwili, chuo na chombo, wala hakuona kwamba kimoja ni adui wa mwenziwe. Baba alipokufa, Ahmed alikuwa angali kijana mdogo, naye akaingia katika biashara ile ile ya vyombo, huku akiendelea na masomo.

Watoto wa leo huenda wasijue jinsi mwaka ulivyohesabiwa katika nyumba za watu wa bahari. Kaskazi ikivuma, tangu karibu na mwisho wa mwaka wa kizungu mpaka mwezi wa Machi, majahazi hushuka kutoka Bara Arabu na Bara Hindi yakaja kwetu. Kusi ikishika, huanza kurejea. Baba akikosa msimu hana la kufanya ila kungoja msimu mwingine. Barua nayo ni hivyo hivyo: huenda na kusi, na jawabu ikaja na kaskazi, na katikati mtoto amekwisha ota meno. Ni kweli kwamba meli za moshi za barua zilianza kufika Unguja kutoka Aden mwaka 1872, lakini visiwa vidogo viliendelea kutegemea tanga kwa muda mrefu.

Alipofika umri wa miaka ishirini hivi, Sayyid Ahmed alikwenda Hadharamut, nchi ya wazee wake, kutafuta elimu. Tufahamu safari ile ilikuwa nini. Kwanza bahari mpaka bandari kama Mukalla, kisha siku nyingi kwa ngamia kupanda majabali na kushuka katika bonde kubwa, ndipo mtu aione Shibam imesimama peke yake, nyumba za matofali ya udongo ghorofa juu ya ghorofa, zimebanana ndani ya ukuta wa mji. Kijana wa Ngazija, aliyezoea minazi na mvua, alikaa chini mbele ya masheikh wa huko akasoma.

Aliporudi, Sayyid Barghash alimpa ukadhi wa Unguja mwaka 1883, hali umri wake ni miaka ishirini na miwili. Haukupita muda mrefu ikatokea khitilafu baina yake na mtawala huyo. Sayyid Ahmed hakung'ang'ania cheo. Alikiacha akapanda chombo.

Safari iliyofuata ndiyo kubwa kuliko zote. Alifika Stambuli, akakaa kwa Sayyid Fadhl Pasha, Mhadharamu mwenziwe aliyekuwa na daraja mbele ya Sultani Abdulhamid wa Pili, akasoma kwake, na Sultani akamtunuku nishani. Akafika Misri na Makka, akafika hata Bara Hindi na Jawa. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa tangu mwaka 1869, na msafiri wa Kiislamu wa zama zile aliweza kuviona vyuo na misikiti ya nchi ambazo babu yake alizisikia kwa jina tu. Hakuwa akitembea kwa kutazama majumba. Kila alipofika alitafuta mwenye elimu, akapiga goti.

Na katika miaka hiyo hiyo ya safari, mwaka 1886, alizaliwa mwanawe Omar, kule kule Itsandra.

Hapa, msomaji mpenzi, ndipo inapotupasa kusimama kidogo. Wasifu wa wanavyuoni aghlabu hupita mahala kama hapa kwa mstari mmoja: akazaliwa fulani. Lakini mtoto yule alikuwa na mama, na nyumba ile ilikuwa na siku zake za kungoja. Ngazija wana ada ambayo watu wa Mrima na Unguja huistaajabia. Nyumba hujengewa binti na watu wake, na mume ndiye anayekuja kukaa kwa mkewe; na yako mashamba, yaitwayo manyahuli, ambayo hurithiwa kwa upande wa wanawake. Wanavyuoni wamejadiliana sana juu ya ada hiyo na sharia ya mirathi, na hapa sipo pa kuufungua mlango huo. Nataka kusema jambo moja tu, nalo ni kwamba mwanamke wa Ngazija ambaye mumewe yuko Stambuli hakuwa mpangaji katika nyumba ya mtu. Alikuwa kwake, baina ya mama zake na ndugu zake. Visiwa vile vilikuwa na mabaharia na wanafunzi wa elimu kwa sababu vilikuwa na nyumba zisizoanguka mume anapoondoka. Tunamsifu aliyekwenda, aliyebaki ana fungu lake katika elimu ile, na sioni kuwa ni fungu dogo.

Sayyid Barghash alikufa mwezi wa Machi 1888. Mwaka huo huo Sayyid Ahmed alirudi Unguja, na Sayyid Khalifa akamrejeza katika ukadhi. Hakuuacha tena mpaka kufa kwake mwaka 1925. Katika muda huo walipita masultani sita, bila ya kuzihesabu siku chache za Sayyid Khalid mwaka 1896, na Mwingereza akaingia. Mtu aliyezunguka nusu ya dunia alikaa mahala pamoja miaka thelathini na saba, akihukumu, akisomesha na kuandika. Miongoni mwa vitabu vyake ni Al-Ibtihaj, alichokieleza ndani yake istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi. Wanafunzi wa fiqhi ya Shafii wanakijua. Sahibu yake mkubwa, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, ambaye naye safari zilimfikisha hata Cape Town, alikufa mwaka ule ule wa 1925.

Basi alimfanyia nini mwanawe? Baba aliyekwisha pata jaha angeweza kumweka karibu, akampa kazi mjini, akastarehe kumwona kila siku. Na baba aliyekuwa mbali naye alipozaliwa, nadhani, ndiye mwenye hamu zaidi ya kumweka karibu. Lakini Omar, angali kijana, alipelekwa Hadharamut kusoma, katika njia ile ile: bahari, ngamia, bonde, ukuta wa Shibam. Sasa baba ndiye aliyekuwa nyumbani akitazama pepo.

Wako watakaosema kwamba huo ni ugumu wa moyo. Mimi sioni hivyo, ingawa mwenye mtoto aliye masomoni nchi za mbali hatahitaji kuelezwa uchungu wake. Imepokewa kwamba miongoni mwa dua zisizorudi mna dua ya msafiri na dua ya mzazi kwa mwanawe. Sayyid Ahmed alikuwa ameiomba moja akiwa baharini na mtoto yuko nyumbani. Akaja akaiomba ya pili akiwa nyumbani na mtoto yuko baharini.

Sayyid Omar alirudi akiwa mwanachuoni. Kama baba yake na babu yake, alifanya biashara, kisha akashika ukadhi Unguja. Mapenzi ya safari pia aliyarithi, kwani naye aliandika kitabu juu ya safari yake ya Hadharamut. Na kitabu cha baba, Al-Ibtihaj, kilipopigwa chapa tena baada ya mauti yake, mwana ndiye aliyeandika maelezo ya maisha ya mwandishi yaliyofuatana nacho: wapi alizaliwa, kwa nani alisoma, bahari gani alizivuka. Mengi tunayoyajua leo juu ya safari za Sayyid Ahmed yametoka katika kalamu hiyo. Mtoto aliyezaliwa katika miaka ya safari za baba yake ndiye aliyekuja kuzihesabu safari hizo moja moja, akazihifadhi.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 Sayyid Omar aliondoka Unguja, hali ni mzee. Alifariki mwaka 1976, umri wake ukikaribia miaka tisini, katika Ngazija, kisiwa walichozaliwa yeye na baba yake.