Mikataba ya ujenzi itaje hewa na utulivu kwa vipimo

Kila jengo huanza kuwa maneno kabla ya kuwa mawe. Fundi hajachimba msingi, pande mbili huketi, zikaandika mkataba na kuutia sahihi. Na lile lisilotajwa humo, ni vigumu kumlazimisha mkandarasi kulitekeleza. Ndiyo sababu nadhani mwanaisimu naye ana haki ya kuuliza swali ambalo aghalabu huachiwa wahandisi: je, mikataba yetu husema nini kuhusu hewa, mwangaza na utulivu wa vyumba ambamo walimu, wanafunzi na makarani hushinda kutwa?

Katika mikataba niliyobahatika kuisoma, husema machache, tena kwa lugha telezi. Unene wa nondo na aina ya mabati hutajwa kwa vipimo kamili. Ikifika zamu ya hewa, tunaambiwa iwe “ya kutosha”, na mwangaza uwe “mzuri”. Maneno haya hayana kipimo. Maana yake humtegemea anayeyatamka. Hewa inayomtosha mkandarasi anayeondoka baada ya mwaka mmoja huenda isimtoshe mwalimu atakayefundisha humo miaka 30. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962, alitufunza kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Mkataba ni maneno ya aina hiyo. Lakini ahadi isiyopimika haiwezi kuthibitishwa kuwa imevunjwa, na kwa hivyo haimfungi yeyote.

Tuchukue mfano wa sauti. Mwaka wa 1895, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo msemaji hakueleweka. Mwanafizikia Wallace Sabine alipima akagundua kwamba sauti iliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Alitumia matakia ya viti kuimeza, na kutokana na utafiti wake tukapata kanuni ya kukadiria mwangwi wa chumba hata kabla hakijajengwa. Kiwango cha Marekani cha mwaka wa 2002 kinataka mwangwi wa darasa la kawaida lisilo na watu usizidi sekunde 0.6.

Linganisha na darasa la kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati lisilo na dari. Humo, mwangwi wa irabu hufunika konsonanti inayofuata, na mwanafunzi wa nyuma asijue kama mwalimu amesema “fua” au “vua”, “pata” au “bata”. Mvua ikinyesha, somo husimama. Kisha matokeo ya mtihani yakitoka, lawama humwendea mwalimu na mwanafunzi, wala hakuna anayelikumbuka paa.

Hewa nayo ina vipimo vyake. Tangu mwaka wa 1858, Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza kwamba kaboni dioksaidi ndani ya chumba isizidi sehemu 1,000 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Hewa ya nje leo ina zaidi kidogo ya 420. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka kila mwajiriwa atengewe angalau mita 10 za ujazo. Hiyo ni hatua njema, ila kipimo hicho kimewekewa waajiriwa. Wanafunzi waliobanana mbele ya mwalimu hawamo katika hesabu hiyo.

Nchini Ufini wameonyesha njia. Mwaka wa 1995 walitoa uainishaji wa hali ya hewa ndani ya majengo, wakaurekebisha mwaka wa 2008 na 2018. Una madaraja ya S1, S2 na S3, na vifaa kama rangi, gundi na mazulia visivyotoa mvuke mwingi wenye madhara hupewa alama ya M1. Uainishaji huo si sheria. Nguvu yake hutokana na kutajwa katika mkataba: mwenye jengo akiandika “S2”, msanifu na mkandarasi wote wanajua nambari zinazodaiwa.

Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo. Mkataba wa darasa au ofisi utaje kiwango cha hewa, mwangaza na mwangwi kwa nambari, umtaje atakayepima, na vipimo vichukuliwe kabla ya jengo kukabidhiwa, kisha hewa ipimwe tena watu wakiwemo. Sehemu ya malipo inayozuiliwa hadi kasoro zirekebishwe isiachiliwe kabla ya hapo.

Wapo watakaosema kwamba gharama itapanda. Hata hivyo, kuchora madirisha yanayotazamana ili upepo upite hakugharimu sana msanifu akiwa bado na kalamu mkononi. Kubomoa ukuta baadaye ndiko ghali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ninaouzungumzia uko kwenye karatasi. Bodi za shule na vyama vya walimu, ambavyo huitwa siku ya kufungua jengo, vidai kuusoma mkataba kabla ya sahihi kutiwa.