Je, Wajua? Kiapo, Haya na Mikono ya Daktari

Kiapo kilichokataza kisu
Yale maneno "kwanza usidhuru" ambayo kila mtu huyanasibisha na Kiapo cha Hippocrates, kiapo cha kale cha madaktari wa Ugiriki, hayamo humo kwa namna hiyo. Kilichomo kinachekesha zaidi: mwenye kuapa anaahidi kumtunza mwalimu wake kama mzazi, kugawana naye riziki akipungukiwa, na kuwafundisha wanawe bure. Halafu anaapa kutompasua mgonjwa mwenye mawe kwenye kibofu. Kazi hiyo awaachie mafundi wake. Ni kama fundi magari anayekuambia, "Giaboksi siyo fani yangu, nenda kwa mwenzangu." Wangapi wana ujasiri huo? Na siri je? Kiapo kinafunga mdomo wa daktari hata kwa aliyoyasikia nje ya matibabu. Umbea wa barazani nao umo!

Mgonjwa akifa, mikono inakatwa
Babeli ya Mfalme Hammurabi, yapata miaka 3,750 iliyopita, ilikuwa na bei maalumu: upasuaji mkubwa uliookoa maisha ya mwungwana ulilipwa shekeli 10 za fedha, wa mtu wa kawaida 5, wa mtumwa 2. Mwungwana akifia mikononi mwa daktari, mikono hiyo ilikatwa. Akifa mtumwa, daktari alitoa mtumwa mwingine, basi, kana kwamba amevunja chungu cha jirani. Sheria ya udaktari ilikuwepo tayari, ila thamani ya uhai ilikuwa na madaraja.

Ujerumani ilikuwa na kanuni kabla ya Hitler
Mwaka 1931, miaka 2 kabla Hitler hajashika madaraka, serikali ya Ujerumani ilitoa mwongozo uliokataza kumfanyia mtu majaribio ya kitabibu bila ridhaa yake. Tunajua kilichofuata katika kambi za Wanazi: majaribio kwa wafungwa bila ridhaa yao. Katika kesi ya majaribio hayo, iliyosikilizwa Nuremberg na kuisha 1947, washtakiwa walikuwa 23, na 20 kati yao walikuwa madaktari. Mahakama ikaacha kanuni 10, ya kwanza ikiwa ridhaa ya hiari. Fomu unayosaini kabla ya kushiriki utafiti wa dawa mpya ina damu hiyo nyuma yake.

Makaburi mawili ya Lacor
Oktoba 2000, Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala masomoni alipopigiwa simu: wauguzi wanakufa kwa ugonjwa wa ajabu katika hospitali yake ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Akaacha vitabu, akarudi, akapekua mafaili ya wagonjwa na kushuku Ebola kabla maabara haijathibitisha. Wauguzi walipochoka na kuogopa, yeye alibaki wodini. Ebola ilimuua tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Amezikwa hapo hapo hospitalini, kando ya Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada aliyeikuza hospitali hiyo pamoja na mumewe. Lucille alifariki 1996 kwa UKIMWI alioupata akiwa anapasua wagonjwa.

Daktari naye ana mwili
Azimio la Geneva, kiapo cha kisasa cha madaktari, liliandikwa 1948. Ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe iliingizwa 2017. Miaka 69!

Haya iliyozaa kifaa
Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alihitaji kusikiliza moyo wa mwanamke kijana. Desturi ilikuwa kulaza sikio kifuani, na yeye aliona hilo si adabu. Akakunja karatasi kuwa bomba, upande mmoja kifuani, upande mwingine sikioni. Mshangao: moyo ulisikika vizuri kuliko kwa sikio tupu! Baadaye akachonga bomba la mbao kwa mikono yake: stethoskopu ya kwanza. Sasa ukimwona daktari anapita wodini na stethoskopu shingoni, ujue ile ni haya ya Mfaransa mmoja inaning'inia pale.