Juba, Kadi ya Bima ni Tiketi ya Ndege

Swali lililochafua hewa katika kundi la WhatsApp la ukoo lilitoka kwa shemeji yake mwandishi wa blogu hii: "Kwani huko Juba hakuna hospitali?" Fundi mwashi kutoka Kitale alikuwa amegongwa na boda boda karibu na soko la Konyo Konyo, mfupa wa paja ukavunjika. Mwandishi, mhasibu anayeishi Juba na wanawe wawili, alikuwa ameomba mchango wa kumpeleka fundi Nairobi. Mchango ulitoka. Maneno ya shemeji nayo yakabaki kooni, na ndiyo yaliyozaa makala haya.

Hospitali zipo, shemeji.

Katiba ya mpito ya Sudan Kusini ya 2011, ibara ya 31, inaahidi raia wote huduma ya msingi ya afya na huduma za dharura bila malipo. Ahadi ni nzuri. Pesa ndizo hazipo. Mwanzoni mwa 2024 bomba linalopitisha mafuta ya nchi hii kupitia Sudan lilipasuka katikati ya vita, mapato ya serikali yakaporomoka, na watumishi wa umma, madaktari wakiwemo, wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Daktari wa zamu atakupokea na kukufunga gango kwa alicho nacho. Kisha ndugu zako watatumwa duka la dawa nje ya geti kununua glavu, dripu na uzi wa kushonea. Bima ya taifa ya afya hakuna. Mwenye kadi ni mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa, wa shirika la misaada, wa benki au wa kampuni kubwa. Fundi mwashi wa kibarua hayumo.

Basi husemwa, aende kliniki binafsi. Huko ndiko mgeni anapokutana na dola ya Juba, na hapa inafaa kutua kidogo. Dola hiyo ina tabia zake. Noti ya 100 iliyochapishwa zamani hurudishwa. Iliyokunjwa mara nyingi hurudishwa. Yenye alama ndogo ya wino hurudishwa. Ndiyo maana wageni huzihifadhi katikati ya vitabu, zimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na mwandishi anazo kadhaa ndani ya kamusi ya watoto.

Usiku ule wa fundi, karani wa kliniki moja aliuliza kwanza kadi ya bima. Hakuna. Akaomba malipo ya awali. Akazipokea noti, akaziinua moja moja kwenye taa, akazipapasa kwa kidole gumba, akazikataa mbili. Fundi alikuwa amelala kwenye benchi la mbao nyuma yake, suruali imechanwa hadi nyonga.

Mwenye kadi huulizwa swali jingine kabisa: ndege inakuja saa ngapi? Hapo ndipo penye siri ya bima ya Juba. Kinachonunuliwa hasa ni kuondoka. Shirika la afya la Amref, ambalo madaktari wake wanaoruka walianza kazi mwaka 1957, hupeleka ndege kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Asiye na kadi hubaki na barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami hadi mpaka wa Uganda, halafu Gulu, halafu Kampala, paja lake limefungwa kwa mbao.

Na Nairobi anayojivunia shemeji? Oktoba 2015 majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akizungushwa kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, tayari ilikuwa inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Marekani nako watafiti wa Stanford waliandika mwaka 2014 kwamba majeruhi mahututi wenye bima walikuwa na uwezekano mdogo kuliko wasio nayo wa kuhamishiwa vituo maalumu vya majeruhi. Huko kadi hukubakiza. Juba kadi hukuondoa.

Watoto wa mwandishi wameelewa haya kuliko wanaukoo. Kitinda mimba alianguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika mkono, na alipoambiwa plasta itafungwa papo hapo akaangua kilio: alikuwa ameshawatangazia wenzake wa mtaa wa Gudele kwamba atapanda ndege. Dada yake hakupoteza muda. Akatoza embe moja kwa kila aliyetaka kuandika jina kwenye plasta ile. Ilijaa kwa siku chache, majina kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, na upande wa kiwiko mtu kachora ndege yenye mabawa matatu. Maembe yaliharibika chini ya kitanda na nyumba nzima ikanuka. 

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayekuja Juba kutafuta riziki: soma mkataba wa bima kabla ya kupanda basi. "Afrika Mashariki" pekee haitoshi, ingawa nchi hii iko ndani ya Jumuiya tangu 2016. Dai jina Sudan Kusini liandikwe, uokoaji kwa ndege uandikwe, na nambari ya simu ya dharura mwachie mtu unayelala naye nyumba moja.