Fahamu: Chumba cha rubani wa ndege ya kivita ya F-16 hujengwaje gerejini?

Kinachomaliza pesa si kompyuta peke yake, ni swichi pia. Wapenzi wa ndege wa Marekani na Ulaya wanaojenga chumba cha rubani kwa vipimo halisi huanza na fremu ya mbao, kisha kiti. Cha F-16 kimelala nyuma nyuzi 30; pembe hiyo ikikosewa, mkono haufiki panapotakiwa.

Kinachokula muda ni paneli. Plastiki angavu hupakwa rangi nyeupe, juu yake kijivu, halafu mashine huchonga maandishi hadi kwenye tabaka jeupe. Taa ikiwashwa nyuma, herufi zinang'aa kama kwenye ndege yenyewe. Kila swichi huungwa kwenye bodi ndogo ya kielektroniki, mara nyingi Arduino, inayoiambia kompyuta kilichobonyezwa. Programu ya kuiga urubani kama DCS World au Falcon BMS ndiyo inayorusha ndege kwenye skrini.

Usukani nao una vituko vyake: wa F-16 uko mkono wa kulia na karibu hausogei, unapima tu nguvu ya kiganja. Usukani wa bei nafuu hauwezi hilo. Na ule mgandamizo wa kona kali, unaombana rubani kitini, hakuna gereji inayouleta.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta miongozo halisi ya ndege hii: mwaka 2019 mtengenezaji wa michezo ya ndege kutoka Urusi alifikishwa mahakamani Utah, Marekani, kwa kesi ya miongozo ya F-16 iliyonunuliwa mtandaoni. Sheria za Marekani hudhibiti usafirishaji wa nyaraka za kijeshi nje ya nchi, hata za ndege iliyoanza kuruka mwaka 1974.