Pedali ya gitaa inapiga kelele? Jaribu betri kabla ya kuitupa

Vijana wengi wanaopiga gitaa katika makanisa na orkestra za Goma, Bukavu, Uvira ao Lubumbashi wanaanza na pedali ya bei ya chini, ya distosheni ao ya mwangwi, pamoja na chaja iliyookotwa nyumbani. Siku ya ibada, mara tu mashine za sauti zinapowashwa, mvumo mzito unajaza ukumbi hata kabla ya wimbo wa kwanza. Wote wanageuka kumwangalia mpiga gitaa. Kila mtu anasema pedali ni mbovu. Inauzwa kwa hasara, ingine inanunuliwa, na Jumapili inayofuata mvumo ni ule ule.

Mara nyingi pedali inaonewa. Kazi ya distosheni ni kuchukua sauti ndogo inayotoka kwenye gitaa na kuikuza mara nyingi sana. Haina akili ya kuchagua: kama uchafu wa umeme umeingia pamoja na sauti, nao unakuzwa vile vile. Kwa hiyo swali la kwanza ni uchafu huo umepitia wapi.

Kipimo cha kuanza nacho kinaomba betri moja tu, ile ya mraba ya volti 9. Ondoa pedali zingine zote. Chomoa kabisa chaja, kwa sababu katika pedali nyingi betri haifanyi kazi wakati kichwa cha chaja kingali ndani ya tundu lake. Unganisha gitaa, pedali na ampli, kisha sikiliza. Kama kelele imekwisha, pedali haina kosa. Mwenye kosa ni chaja, ao namna pedali kadhaa zinavyogawana chaja moja. Kama kelele imebaki, toa pedali na uchomeke gitaa moja kwa moja kwenye ampli, ukipandisha sauti kidogo. Ikiendelea kuvuma, tafuta kwenye gitaa, waya ao umeme wa nyumba. Pedali zile ndogo sana hazina nafasi ya betri, lakini fundi wa redio anaweza kutengeneza kiunganishi cha betri kwa dakika chache, akiangalia vizuri upande wa chanya na wa hasi.

Upande huo ndio unaoua pedali nyingi. Karibu pedali zote za gitaa zinataka volti 9 za umeme wa moja kwa moja, huku hasi ikiwa katikati ya kichwa cha chaja. Chaja za modemu za intaneti, ambazo vijana wanapenda kuazima kwa sababu kichwa chake kinaingia vizuri, kwa kawaida zina chanya katikati, na nyingi zinatoa volti 12. Kuingia si kufaa. Mchoro mdogo wenye duara na alama za + na − umechapwa kwenye chaja na karibu na tundu la pedali. Ni lazima ifanane.

Hata chaja ya volti 9 iliyo sawa inaweza kuleta kelele. Chaja nyepesi za kisasa zinakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zile za bei ya chini hazisafishi mabaki yake. Mlio unaotoka ni mwembamba, kama wa mbu. Mlio huo huo unakuja wakati pedali ya mwangwi ya kidijitali inagawana chaja na distosheni: ya kwanza inavuta umeme kwa mishtuko, ya pili inaikuza. Kugawa umeme kwa kila pedali peke yake kunaomba kifaa chenye matundu yaliyotenganishwa, na bei yake mara nyingi inapita ya pedali yenyewe. Dawa ya mwenye mfuko mdogo ni kuiachia chaja ile ya kidijitali na kuweka betri kwenye distosheni, ambayo inakula umeme kidogo sana.

Masikio yanasaidia. Mvumo mnene wa chini unatoka kwenye umeme wa nyumba, ambao Kongo unatembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukigeuza mwili pamoja na gitaa na mvumo ukapungua, ni mikro za gitaa zenye koili moja zinazodaka mawimbi ya transfo ao taa za neon. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya mikro yenye koili mbili mwaka 1955. Mkwaruzo unaokuja waya unapotikiswa ni waya ao tundu lililolegea. Mlio wa tit-tit-tit ni simu mfukoni. Na panapotumika jenereta ao konvertisere ya bei ya chini ya sola, umeme wenyewe unafika ukiwa umechafuka. Pale betri inashinda tena.

Kuna dawa moja ambayo mafundi wengine wanaitoa na ambayo haifai kabisa: kukata waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, kwenye ampli. Ni kweli, mvumo unaweza kunyamaza, hasa wakati ampli na mikseri zimechomekwa kwenye prizi mbili tofauti. Lakini waya ule ndio unaokinga mtu wakati ampli inaharibika ndani. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Uingereza, alipogusa mikrofoni ambayo haikuunganishwa na ardhi. Mpiga gitaa akisikia mdomo unawaka kidogo anapogusa mikrofoni, azime kila kitu kwanza. Kuhusu mvumo, inatosha kuchomeka ampli na mikseri kwenye ralonji moja nzuri yenye waya wa ardhi, iliyo na nguvu ya kubeba vyote viwili.

Inabaki ile shhh nyepesi kama mvua ya mbali. Hiyo ni ya pedali kweli, na haitibiki yote. Pedali nyingi za mwangwi za bei ya chini zinatumia chipu PT2399, ambayo inachafuka kadiri mwangwi unavyorefushwa. Kupunguza distosheni na kupandisha ampli kunasaidia zaidi kuliko kununua ingine. Sebene yenyewe haiombi distosheni nyingi.

Na anayebaki na betri akumbuke kuchomoa waya wa gitaa kwenye pedali baada ya kupiga: waya ukiwa ndani, betri inaendelea kuisha usiku kucha.