Kunoa Fyekeo Nyumbani

Siku moja tulifyeka nyasi za uwanja wa shule kwa fyekeo butu. Lilipokataa kukata, tukaongeza nguvu. Likateleza, likapita karibu na mguu wa mtoto. Tulimshukuru Mungu, tena tukaona haya, maana tupa ilikuwamo nyumbani.

Basi, kwanza waondoeni watoto. Lifungeni fyekeo imara juu ya gogo, makali yakitokeza nje. Isukumeni tupa mbele, mkifuata mlalo wa makali ya zamani. Msiikwaruze kwa kuirudisha, kwa kuwa meno yake hukata iendapo mbele tu. Chuma kitakachojikunja upande wa pili, kiondoeni kwa kinoo. Mwisho pakeni mafuta, lisishike kutu.

Someni Mhubiri 10:10. Anoaye kwanza hapotezi wakati. Huokoa nguvu zake, na pengine mguu wa mwanawe.